Samehe tendo, si mtu mzima mzima: mwongozo kamili wa kusamehe wengine na kujisamehe

Kuna watu waliotamka "nimemsamehe" miaka mingi iliyopita, lakini jina la yule mtu likitajwa tu, uso unabadilika. Hawakudanganya. Walisamehe kwa jumla jambo ambalo hawakuwahi kulitaja wala kulipima, na moyo ukabaki haujui umeambiwa uachilie nini. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: kinachosamehewa ni tendo, tena tendo moja moja. Ndivyo ilivyo kwa aliyekukosea, na ndivyo ilivyo zaidi unapotaka kujisamehe mwenyewe.

Dini zimefundisha msamaha tangu kale, ila watafiti wa saikolojia wameanza kuuchunguza kwa utaratibu juzi juzi tu. Robert Enright wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, alianza mwaka 1985. Baadaye mtafiti mwingine, Everett Worthington, akatenganisha misamaha miwili: wa uamuzi na wa hisia. Wa uamuzi unaweza kuutoa leo jioni: naacha kulipiza, naacha kumtendea kama adui. Wa hisia huja taratibu, kwa wakati wake. Usipoitenganisha hiyo miwili, kila hasira itakaporudi utajiona mnafiki, ukate tamaa.

Kabla hujaanza

Angalia kwanza kama kosa limekoma. Kama bado unapigwa, unatukanwa au unaibiwa, weka mwongozo huu pembeni. Kazi yako ya sasa ni kutoka hapo au kumzuia mtendaji, kwa msaada wa ndugu, polisi au yeyote unayemwamini. Anayekuhimiza usamehe huku mkono ungali juu anakufundisha kuvumilia, na uvumilivu wa namna hiyo umeshazika watu.

Pili, kusamehe hakufuti haki. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukampeleka mahakamani au ukamdai ulichomkopesha. Afrika Kusini ilipounda Tume ya Ukweli na Maridhiano kwa sheria ya mwaka 1995 ili kuchunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi, chini ya uenyekiti wa Askofu Desmond Tutu, haikuwasafisha watu kwa mafungu. Aliyetaka kinga ya mashtaka alipaswa kueleza alifanya nini, bila kuficha, tendo kwa tendo. Walioomba walizidi 7,000, na wengi wao walikataliwa.

Tatu, kuna ile tabia yetu ya funika kombe mwanaharamu apite. Wazee wanakaa, wanasema "yaishe", mnapeana mikono, na hakuna aliyetaja kilichotokea. Inasaidia sherehe ipite salama. Msamaha bado haujaanza.

Hatua ya kwanza: liandike tendo

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko kote, kwa hiyo usipapitie haraka.

Chukua karatasi, si simu. Andika alichofanya, kwa namna ambayo mtu aliyekuwepo angeweza kukubali kuwa ndivyo ilivyokuwa. Tuseme ni kaka yako, na familia ilichanga pesa za upasuaji wa mama. Wengi wataandika: "Kaka ni mbinafsi, hajawahi kumjali mtu." Hiyo ni hukumu juu ya mtu mzima, na hukumu ya aina hiyo huwezi kuisamehe hata ukitaka, maana haina mwanzo wala mwisho. Andika hivi:

"Tulikukabidhi pesa za upasuaji wa mama. Ulizitia kwenye biashara yako. Nilipokuuliza ulisema daktari ameahirisha tarehe, nami nikaenda nikamwambia mama hivyo hivyo, akanishukuru. Ukweli ulipojulikana ulisema, 'Nyie mnapenda kukuza mambo.'"

Sasa hesabu. Yapo matendo manne: alitumia pesa zisizo zake, alisema uongo, alikufanya wewe uubebe uongo wake hadi kitandani kwa mama, na alidharau maumivu yenu. Inawezekana kabisa la pesa ulishalisamehe zamani, hasa kama zilirudishwa. Linalokukosesha usingizi ni la tatu, na ndilo ambalo hakuna aliyewahi kulitaja kwenye kikao chochote. Ndiyo maana kila mkisuluhishwa kuhusu pesa, unatoka na fundo lile lile.

Usishangae ukijisikia vibaya baada ya kuandika. Mwaka 1986, James Pennebaker na mwenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu tukio lililowaumiza. Walioandika yaliyotokea pamoja na walivyojisikia walikuwa na huzuni zaidi pindi tu walipoweka kalamu chini, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Jipe kipimo kama hicho: dakika 15 au 20, siku tatu au nne, basi. Ukiona badala ya huzuni unapata kiwewe, unatetemeka au unaliona tukio kana kwamba linatokea sasa, acha. Jeraha hilo lishughulikieni pamoja na mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili.

Hatua ya pili: taja hasara

Kila tendo lilikugharimu nini? Pesa, muda, kazi, usingizi, heshima mbele ya watu, imani uliyokuwa nayo kwa ndugu. Andika mstari mmoja mmoja. Ukipunguza hasara ili uonekane mwema, utasamehe kidogo kuliko ulichoumizwa, na kilichobaki kitakaa ndani kikisubiri.

Ukimaliza, funga daftari. Kuna tofauti kati ya kulihesabu kosa mara moja na kulitafuna kila usiku. Charlotte Witvliet na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2001, waliwaomba watu wafikirie aliyewakosea kwa namna mbalimbali huku vipimo vikisoma miili yao. Walipolirudia kosa na kulea kinyongo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilipanda kuliko walipojaribu kumfikiria mkosaji kama binadamu. Aliyewakosea hakuwa hata chumbani.

Hatua ya tatu: simama upande wake kwa muda

Hii watu huichukia, na mimi siwalaumu. Lakini ifanye.

Kuna utafiti wa Roy Baumeister na wenzake wa mwaka 1990 ambao kila msuluhishi wa ndugu angepaswa kuujua. Waliwaomba watu wasimulie visa viwili: kimoja walichokosewa, kingine walichokosea. Watu wale wale, visa viwili tofauti kabisa. Walipokosewa, walieleza kosa kama jambo lisilo na sababu, ambalo madhara yake yanaendelea hadi leo. Walipokosea wao, lilikuwa jambo lililopita, lenye sababu zake zinazoeleweka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kwa hiyo kaka anaposema "mnakuza mambo" huenda haigizi: huko aliko, jambo lilishakwisha.

Andika ukurasa mmoja kwa nafsi yake, kama angekuwa anajieleza kwa ukweli bila kujipamba. "Biashara ilikuwa inakufa. Nilijua wiki moja tu nazirudisha. Wiki ikapita. Nilipoulizwa nikasema uongo wa kwanza ulionijia, halafu nikawa na kazi ya kuulinda." Kuelewa huku si kumtetea. Ukurasa huu hauondoi tendo hata moja kati ya yale manne. Unachofanya ni kumrudishia mtendaji kimo chake halisi, maana mtu tunayemchukia kwa muda mrefu hukua kichwani mpaka akawa si mtu tena, na zimwi halisameheki.

Kama ni ukatili ambao ukiutazama kila upande huoni lolote la kueleweka, ruka hatua hii. Wala usilazimishwe na mtu kumhurumia aliyekubaka au aliyemuua mtoto wako. Unaweza kufika kwenye uamuzi bila huruma.

Hatua ya nne: amua, na uandike unachoacha

Rudi kwenye orodha yako. Kwa kila tendo, andika unachoacha kuanzia leo. Kwa la pesa: "Naacha kumsema kwa shangazi na binamu." Kwa la uongo: "Naacha kumtega kwa maswali ambayo majibu yake ninayo." Kwa la tatu, labda: "Naacha kungoja aanguke ili nifurahi." Na kama kuna tendo ambalo huko tayari kuliachilia, andika hivyo hivyo: "Hili bado." Mawili yaliyosamehewa kweli ni bora kuliko manne ya mdomoni, na lile la "bado" angalau sasa unalijua kwa jina.

Worthington mwenyewe alipimwa na haya aliyokuwa akiyafundisha. Usiku wa kuamkia mwaka 1996, mama yake aliuawa nyumbani kwake na mtu aliyevunja nyumba. Ameeleza hadharani kwamba alichotamani kwanza ni kupewa gongo na muuaji mbele yake. Kisha akazipitia hatua zake mwenyewe: kukumbuka lililotokea, kujitia katika nafasi ya mtendaji, kutoa msamaha kama zawadi isiyostahiliwa, kujifunga kwa uamuzi huo, na kuushika pale unapotikiswa. Neno la kuzingatia hapo ni zawadi. Anayesubiri mkosaji astahili kwanza amempa mkosaji funguo.

Hatua ya tano: hasira ikirudi

Itarudi. Utakutana naye msibani, au utaona picha yake amependeza, na tumbo litakaza. Hilo pekee si ushahidi kwamba hukusamehe; mwili una kumbukumbu zake. Jiulize swali moja: hiki kilichoniwasha ni tendo lililo kwenye orodha yangu, au ni jipya? Kama ni la zamani, jiambie kwa kulitaja, "Lile la uongo kwa mama nililiamua," uendelee na shughuli. Kama ni jipya, au la zamani ambalo hukuliona wakati ule, linahitaji karatasi yake. Mara nyingi ni hili la pili. Mtu hulaumu msamaha wake kwamba ni dhaifu, kumbe kuna tendo la tano halijawahi kuandikwa.

Umwambie au usimwambie?

Ukimpigia simu mtu ambaye hajakiri lolote na kumwambia "nimekusamehe", kwake hiyo ni shutuma iliyovaa nguo nzuri. Mtaanza ugomvi mpya. Mwambie kama ameomba, au kama anajua wazi kwamba alikosea na anaona haya kukusogelea. Vinginevyo uamuzi ukae kwako.

Kupatana ni safari nyingine, na inahitaji wawili. Kusamehe unaweza kumsamehe hata marehemu. Kupatana kunategemea amebadilika kiasi gani. Hapa pia orodha ya matendo inakusaidia, kwa sababu unaweza kumrudishia mtu sehemu moja bila nyingine. Kaka anaweza kukaribishwa nyumbani, akacheza na watoto, akaombwa ushauri, na bado pesa za matibabu zikashikwa na mtu mwingine. Akikuuliza, "Kwa hiyo hujanisamehe?" mjibu bila ukali: "Nimekusamehe, kaka. Pesa atashika dada."

Kujisamehe: tendo lile lile la kuandika, ila mgumu ni wewe

Wanaojiumiza kwa lawama huwa hawana orodha ya makosa. Wana sentensi moja tu: mimi ni mtu mbaya. June Tangney na wenzake wametumia miaka mingi kuchunguza tofauti ya hatia na aibu: hatia inasema "nimefanya vibaya", aibu inasema "mimi ni mbaya". Ya kwanza humsukuma mtu kwenda kutengeneza alichoharibu. Ya pili humfanya ajifiche au awe mkali, kwa sababu nafsi nzima haitengenezeki kwa kuomba radhi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ile ile: karatasi, kalamu, nilifanya nini hasa.

Andika bila "ila". "Nilimpiga mwanangu ila alikuwa amenichokoza" lina utetezi ndani yake. Andika "nilimpiga mwanangu kofi mbele ya wenzake", weka nukta.

Ukishaandika, utagundua baadhi ya mistari si kosa. "Sikuwepo baba alipokata roho." "Sikujua kwamba rafiki yangu alikuwa amefikia kutaka kujiua." Chunguza: ulikuwa na taarifa? Ulikuwa na uwezo? Uliamua kwa makusudi? Kama majibu yote ni hapana, hakuna cha kusamehewa. Hiyo ni huzuni, na huzuni inahitaji kuliliwa. Ukijilazimisha kuisamehe utazunguka miaka, kwa sababu unatafuta msamaha wa jambo ambalo hukulitenda.

Yanayobaki ndiyo makosa yako kweli. Hayo usijisamehe haraka. Kuna kujisamehe kwa bei rahisi, kwa mtu kusimama mbele ya kioo na kujiambia "najipenda, nimeachilia", huku aliyemdhulumu bado anahangaika. Wanazuoni wa Kiislamu waliliweka hili vizuri katika masharti ya toba: kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kama ni haki ya mtu, kuirudisha au kumwomba mwenyewe akusamehe. Zakayo wa Injili naye hakuishia kulia. Alitangaza atarudisha mara nne. Malipo kwanza, amani baadaye.

Kuomba radhi kuna namna yake. "Kama nilikukwaza, nisamehe" haifai kitu. Hilo "kama" linamwachia mkosewa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Linganisha na hili:

"Dada, mwaka ule nilipokuwa nakaa kwako niliwaambia watu siri yako ya ndoa. Ulinieleza peke yangu, na mimi ndiye niliyeitoa. Najua ilikufikia kupitia kwa mawifi zako, na najua ulinyamaza. Sina sababu ya kujitetea. Nimeshazungumza na wale niliowaambia. Kama kuna kingine unataka nifanye, niambie."

Limetajwa tendo, limetajwa umizo, limetajwa alilofanya kurekebisha. Halimdai msamaha. Baada ya hapo nyamaza, umwache aamue kwa muda wake. Asipokusamehe, ni haki yake. Usimtumie wazee wala mchungaji wamshinikize. Na kama kumtafuta kutamletea hatari au kutamvunjia maisha aliyoyajenga upya, usimtafute. Kwa aliyefariki au asiyepatikana, andika maneno hayo hayo, msomee mtu mmoja unayemheshimu kwa sauti, kisha lipa kwa njia inayofanana na kosa: aliyemtelekeza mzazi mgonjwa anaweza kumsaidia mgonjwa mwingine asiye na mtu.

Baada ya kukiri, kurekebisha na kubadilika, adhabu unayoendelea kujipa haimsaidii yeyote. Wengi wanaogopa kuiacha wakidhani ndiyo inayowazuia wasirudie. Utafiti mdogo wa Michael Wohl na wenzake, mwaka 2010, uliwafuata wanafunzi walioahirisha kujisomea kabla ya mtihani wa kwanza: waliojisamehe kwa uzembe ule walipunguza kuahirisha walipojiandaa kwa mtihani uliofuata. Kosa la kuchelewa kusoma ni dogo, sikatai. Lakini sababu ya matokeo hayo inaeleweka: mtu anayejichukia hukwepa chochote kinachomkumbusha kosa, na kulikwepa kosa ndiyo njia fupi ya kulirudia.

Inachukua muda gani?

Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Kolombia, Hong Kong, Indonesia, Ukraini na Afrika Kusini. Watu 4,598 walishiriki, na walichopewa ni kijitabu cha mazoezi yanayofuata hatua za Worthington, kazi ya saa tatu hivi. Kinyongo kilipungua, na dalili za sonona na wasiwasi pia zilipungua. Kwa makosa ya kawaida ya ndugu, marafiki na kazini, basi, wiki mbili za kazi ya dhati zinaweza kukusogeza mbali. Majeraha makubwa yana muda mwingine. Enright na Suzanne Freedman walipowasindikiza wanawake 12 waliofanyiwa ukatili wa kingono na jamaa zao utotoni, mmoja mmoja, kazi ilichukua zaidi ya mwaka kwa wastani. Kwa jeraha la namna hiyo tafuta mtaalamu. Na kama lawama juu ya nafsi yako zimefika mahali unafikiria kujiua, mwambie mtu leo, kabla ya hatua yoyote iliyoandikwa hapa.

Usianze na kosa kubwa kuliko yote maishani mwako. Chagua la kati: mfanyakazi mwenzako aliyejitwalia sifa za kazi yako, rafiki aliyekutangaza, ahadi uliyoivunja kwa mtoto. Lipitishe hatua zote hadi mwisho uone linavyokwenda. Lile la kaka na pesa za mama lisubiri mwezi ujao.